Hatari, Onyo na Tahadhari: Lugha ya Lebo za Kemikali

Miongoni mwa maandishi yanayomfikia mtu wa kawaida kila siku, lebo ya kemikali ni mojawapo ya yale mafupi kabisa, na pia ni mojawapo ya yale yanayodai usahihi mkubwa kabisa. Haisomwi kwa starehe wala kwa kutafuta elimu. Husomwa, kama husomwa, na mtu aliyesimama na chupa mkononi, mwenye haraka ya kazi. Sheria za nchi nyingi humtaka mtengenezaji aeleze juu ya chombo chake kilichomo ni kitu gani, kina madhara gani, na mtumiaji ajilinde vipi. Kwa desturi jambo hili huachiwa wanakemia na wanasheria. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba sehemu yake iliyo ngumu ni ya lugha, na kwamba mtengenezaji aweza kutimiza kila kifungu cha sheria na bado akawa hakumwonya mtu yeyote.

Ushahidi ulio wazi kupita wote ni wa Iraki. Mwishoni mwa mwaka 1971, wakulima wa nchi hiyo waligawiwa ngano na shayiri za mbegu zilizoagizwa kutoka ng'ambo, ambazo zilikuwa zimetiwa kemikali ya zebaki ili kuzikinga na kuvu ardhini. Magunia yalikuwa na maandishi ya onyo, lakini kwa Kihispania na Kiingereza. Yalikuwa na picha ya fuvu na mifupa miwili iliyopishana, lakini picha hiyo haikuwa na maana kwa watu wa vijijini. Punje zenyewe zilipakwa rangi ya wekundu ili zisichanganywe na za chakula. Watu wakaziosha, rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka, ilhali zebaki ilibaki ndani ya punje. Wengine walijaribu kwanza kuwalisha kuku, na kuku wasipokufa katika siku chache, wakaamini kwamba nafaka ni njema. Kumbe madhara ya zebaki ya namna ile hukawia majuma kadhaa kabla ya kudhihirika. Mkate ukapikwa, ukaliwa. Wagonjwa 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao walifariki humo.

Yafaa izingatiwe kwamba katika msiba huo hapakukosekana lebo. Palikuwa na maneno, picha na rangi. Ishara tatu zilizowekwa na watu waliojua hatari iliyokuwamo. Lakini ishara haiwi ishara mpaka yule anayeitazama awe anaijua. Neno lilikuwa la lugha nyingine, picha ilikuwa ya desturi nyingine, na rangi ilikuwa na maana kwa aliyeipaka tu.

Jitihada za kuwianisha lebo za dunia zilipata nguvu katika Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Rio de Janeiro mwaka 1992. Matokeo yake ni Mfumo wa Kimataifa Uliowianishwa wa Kuainisha Kemikali na Kuziwekea Lebo, ambao chapa yake ya kwanza ilitolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2003. Kwa mujibu wa mfumo huo, lebo iliyotimia ina mambo sita: utambulisho wa bidhaa, neno moja la ishara, maelezo ya madhara, maelezo ya tahadhari, alama za picha, ambazo ni tisa kwa jumla na kila moja imo ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu, na utambulisho wa mtengenezaji au msambazaji. Zaidi ya lebo, mahali pa kazi panatakiwa karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu 16. Kila sentensi ya madhara imepewa nambari yake, lakini nambari ni ya marejeo tu. Haikubaliki ichukue nafasi ya maneno yenyewe. Maneno yenyewe yametolewa katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na uchaguzi wa lugha ya lebo katika kila nchi umeachiwa nchi yenyewe. Kiswahili si mojawapo ya lugha hizo sita. Kwa hiyo kila mtengenezaji au mwagizaji anayetaka kusema na Waswahili hujitafutia maneno, na mara nyingi maneno ya huyu si ya yule.

Tatizo la kwanza liko katika neno la ishara. Mfumo unayo mawili tu. La kwanza huwekwa juu ya kemikali zenye madhara makubwa zaidi, la pili juu ya zile zenye madhara madogo kuliko hizo. Kifaransa husema "Danger" na "Attention"; Kijerumani husema "Gefahr" na "Achtung". Kanuni ni kwamba likiandikwa la kwanza, la pili lisiandikwe. Maneno haya mawili basi si mapambo ya lebo, bali ni vipimo. Na kipimo hakifai kitu kama watu hawakujua kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kinayo hatari, onyo na tahadhari, na hata angalizo. Ugumu ni kwamba katika matumizi ya kawaida maneno haya hayakupangwa kwa ngazi. Hatari, lililotoka katika Kiarabu na ambalo katika maandishi ya zamani huonekana pia kama khatari, ni jina la kitu chenyewe kinachoogopwa. Onyo ni jina la tendo la kusema. Limetokana na kitenzi onya, ambacho nacho ni umbo la kusababisha la ona, kwa kuwa kumwonya mtu ni kumfanya aone. Tahadhari, la Kiarabu pia, ni jina la tendo la yule anayeambiwa: yeye ndiye anayetahadhari. Msemaji huonya, msikilizaji hutahadhari, na hatari husimama baina yao. Ndiyo maana sentensi moja yaweza kubeba maneno haya pamoja bila kugongana: pakiti ya sigara hutoa onyo kwamba kuvuta ni hatari. Msomaji wa pakiti hiyo hakuhesabu kwamba neno moja ni zito kuliko jingine.

Lakini maadam sheria yataka ngazi mbili, hapana budi ngazi zipatikane. Kwa ile ya juu hapana ubishi: HATARI ndilo neno ambalo watu wamezoea kuliona katika nguzo na vituo vya umeme na katika magari ya kubebea mafuta. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya vijana neno hili limechakaa kidogo, hata mcheza mpira hodari huitwa hatari kwa kusifiwa. Hata hivyo likiwa peke yake, kwa herufi kubwa, bado lina ukali wake.

Kwa ngazi ya pili kuna mashindano kati ya onyo na tahadhari. Hoja ya kuchagua tahadhari ni nzuri: neno hilo ni jina na pia ni kitenzi, hivyo kwa mara moja humtajia msomaji jambo na kumwamuru. Tena halina harufu ya adhabu, ilhali onyo humkumbusha mtu barua anayopewa mfanyakazi mtovu wa nidhamu. Lakini kuna hoja ya macho inayopita hizo. Mtu asomaye kwa taabu, au aliye mbali, au anayeitazama chupa iliyochafuka, huona HATARI na TAHADHARI kama maneno ya umbo moja. Yana karibu herufi zilezile na yanaishia sawasawa. ONYO ni fupi na halifanani na jirani yake. Isitoshe, tahadhari lina kazi nyingine ambayo halina mshindani: Waswahili husema kuchukua tahadhari, na kwa hiyo ndilo jina linalofaa kwa sehemu ya lebo inayoeleza namna ya kujikinga. Mgawanyo ulio safi utakuwa basi HATARI kwa ngazi ya juu, ONYO kwa ngazi ya chini, na tahadhari kwa maelezo ya kujilinda. Mgawanyo huu hautakuwa na nguvu mpaka utumiwe na wote. Lebo moja ikiandika ONYO juu ya sumu kali kabisa, na nyingine ikaandika HATARI juu ya kiwashio kidogo cha ngozi, kipimo kimevunjika.

Tatizo la pili ni la sarufi. Sentensi za madhara katika Kiingereza hazina kiima. Husema tu sifa na sharti lake, na sentensi moja hutumika kwa bidhaa elfu. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali hivyo kwa wepesi, kwa sababu hudai kiambishi cha ngeli. Kemikali ikimezwa, kiuatilifu kikimezwa, mafuta yakimezwa, unga ukimezwa, vidonge vikimezwa: kila bidhaa yataka sentensi yake. Wafasiri wengi hukimbilia "ikimezwa" kwa kila kitu, na matokeo yake ni sentensi ambayo msomaji huihisi kuwa imevunjika, na maandishi yaliyovunjika hayaaminiwi. Lakini lugha yenyewe inayo njia. Kiambishi hu- cha mazoea hakichukui kiima. Na sharti likitiwa katika nafsi ya pili, ngeli ya bidhaa haihusiki tena. "Huua ukimeza" ni sentensi kamili kwa kemikali, kwa kiuatilifu, kwa mafuta, kwa unga na kwa vidonge. Tena humwelekea msomaji mwenyewe. Katika mazungumzo ya watu wengi wa bara umbo la hu- limeachia nafasi -na-, lakini katika maandishi mafupi ya namna hii bado hufahamika, na faida yake ni kubwa kuliko hasara yake.

Tatizo la tatu ni la maana, nalo ndilo zito zaidi. Kwa sumu inayomezwa, mfumo una daraja tano, zinazohesabiwa kwa kiasi kinachoua nusu ya wanyama wa majaribio. Daraja la kwanza ni miligramu 5 au chini yake kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. La pili hufika 50. La tatu 300. La nne 2,000. La tano 5,000. Daraja mbili za kwanza zina sentensi moja, yenye maana ya kuua. La tatu lina sentensi ya kuwa sumu. La nne la kudhuru. La tano la kuweza kudhuru. Tatu za kwanza zina neno la ishara la juu na picha ya fuvu. La nne lina neno la pili na alama ya mshangao. La tano lina neno la pili, wala halina picha.

Mfasiri akifuata neno kwa neno atapata: huua ukimeza, ni sumu ukimeza, hudhuru ukimeza, huweza kudhuru ukimeza. Ngazi mbili za chini zimekaa vizuri, lakini mbili za juu zimeanguka. Kwa Mswahili, sumu ni kitu kinachoua. Hiyo ndiyo maana yake. Kumwambia kwamba kitu hiki huua na kile ni sumu ni kumwambia jambo moja mara mbili, na yamkini atadhani kwamba lile la pili ni kali zaidi, kwa kuwa limetajwa kwa jina. Tofauti iliyokusudiwa si ya matokeo bali ni ya kiasi: yote mawili yaweza kuua, ila moja huua kwa kiasi kidogo kuliko jingine. Ikiwa tofauti ni ya kiasi, basi kiasi na kitajwe. "Huua ukimeza hata kidogo" kwa daraja mbili za kwanza, na "Ni sumu, huua ukimeza" kwa la tatu, zitamfikishia msomaji ngazi ile ambayo tafsiri ya neno kwa neno imeipoteza. Mwanasheria aweza kupinga kwamba maneno "hata kidogo" hayamo katika matini ya asili. Ni kweli hayamo. Lakini ngazi imo, na ngazi ndiyo iliyotakiwa kufasiriwa.

Hapa ndipo linapoingia neno ambalo katika Kiswahili lina mamlaka kuliko yote hayo, nalo ni dawa. Mgonjwa hupewa dawa. Meno husuguliwa kwa dawa ya meno. Viatu hung'arishwa kwa dawa ya viatu. Mbu, mende na panya huuawa kwa dawa ya mbu, ya mende na ya panya. Neno hili halitofautishi kitu kinachoponya na kitu kinachoua, wala kiunganishi -a hakisemi kama dawa ni kwa faida ya kinachotajwa au ni dhidi yake. Dawa ya meno huyafaa meno. Dawa ya panya haimfai panya. Na dawa ya mahindi je? Huyafaa mahindi, ni dhidi ya wadudu wanaoyatoboa, na aweza kudhurika nayo mtu atakayeyala mapema. Mambo matatu yamefungwa katika maneno matatu, na la muhimu ndilo halikusemwa.

Kisa cha Iraki kinarudi kwa mlango huu. Katika maduka ya pembejeo ya Afrika Mashariki mbegu za mahindi huuzwa zikiwa zimepakwa rangi na kemikali ya kuzilinda, na watu husema kwamba zimetiwa dawa. Maneno hayo ni Kiswahili fasaha, na kila mtu huyafahamu. Lakini mama mwenye njaa nyumbani ayasikiapo hasikii katazo lolote ndani yake. Kitu kilichotiwa dawa, kwa desturi ya lugha, kimetengenezwa kiwe bora. Lebo ya mfuko wa mbegu inayosema "zimetiwa dawa" haikusema uongo, wala haikusema kweli inayotakiwa. "Zimetiwa sumu. Zisiliwe na mtu wala mnyama, hata zikioshwa" ni maneno yasiyompendeza muuzaji, lakini ndiyo yaliyokosekana katika magunia ya mwaka 1971.

Hatari huzidi pale umbo la bidhaa linapokubaliana na jina. Fosfidi ya alumini inayotumiwa kuhifadhi nafaka ghalani huuzwa kwa umbo la vidonge. Vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo ni sumu kali sana. Lakini vidonge ni neno la hospitali. "Dawa ya vidonge" ikitajwa katika nyumba ambamo mtu ni mgonjwa, masikio yote husikia jambo jema. Vivyo hivyo kemikali iliyomiminwa katika chupa ya soda imekwisha kupewa lebo nyingine, yaani chupa yenyewe, ambayo kwa umbo lake humwambia mtoto: kunywa. Kwa sababu hiyo kemikali hupaswa kubaki katika chombo chenye lebo yake, na anayeipima upya katika vyombo vidogo hapaswi kuiacha lebo nyuma.

Dola imekwisha kuchagua neno lake. Nchini Tanzania, sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake ya mwaka 2003. Kiuatilifu ni neno lililoundwa kwa ustadi, na ndani yake mna kitenzi kuua. Lakini mkulima aendapo dukani huomba dawa, na neno la ofisi halitamkinga kwa sababu hakulichukua kwenda nalo shambani. Si lazima dawa lifukuzwe, haliwezi kufukuzwa. Yatosha kwamba popote linapoandikwa juu ya chombo cha sumu, neno SUMU lisimame karibu nalo kwa herufi zisizo ndogo kuliko zake. Wala si neno geni: wako wanaosema sumu ya panya tangu zamani, na hao wamekwisha kufanya kazi ya mfasiri.

Mengine yaweza kutajwa kwa ufupi. Kitenzi vuta kina maana ya kuvuta tumbaku na pia kuvuta hewa. "Usivute" juu ya pipa la kimiminika kinachoshika moto na "Usivute" juu ya pipa la kitu chenye mvuke wa sumu ni makatazo mawili tofauti, na kila moja linahitaji kutimizwa: "Usivute sigara hapa", "Usivute mvuke wake". Asidi ni neno la darasani, ambalo limeimarishwa na kamusi za sayansi kama ile ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa mwaka 1990. Lakini mtaani neno ni tindikali, ambamo sikio husikia kali, na kwa lebo ndilo bora. Kinyume chake, mfasiri anayetafuta neno la nyumbani kwa soda kali ya kutengenezea sabuni akaiita magadi, atakuwa ameingiza jikoni kitu kinachochoma koo, kwa kuwa magadi watu huyatia katika maharagwe. Neno la kienyeji si salama kwa kuwa ni la kienyeji tu. Ni salama likiwa limebeba kumbukumbu iliyo sawa.

Yasidhaniwe kwamba picha zitaondoa haja ya maneno. Mwali wa moto hujieleza. Lakini picha ya kiwiliwili cha mtu mwenye nyota iliyopasuka kifuani, ambayo katika mfumo humaanisha madhara ya muda mrefu kama vile saratani, kwa asiyefundishwa yaweza kuwa picha ya mtu mwenye nguvu au mwenye baraka. Picha nazo ni lugha, na lugha hujifunzwa.

Kuna sentensi moja ya lebo ambayo Kiswahili kimeimiliki kabisa: "Weka mbali na watoto." Ni fupi, haina kiima cha kusumbua, haina neno la kamusi, na imerudiwa katika chupa nyingi hata watu huisema kwa moyo. Hiyo yaonyesha kwamba kazi yawezekana. Sentensi nyingine za madhara na za tahadhari zinaweza kufika hapo zikiwekwa na watu wa lugha pamoja na watu wa kemia, zikajaribiwa kwa wasomaji wenyewe kabla ya kuchapishwa, kisha zikatumiwa na watengenezaji wote bila kubadilishwa. Jaribio lenyewe si la gharama: mkulima, mtengeneza sabuni, au mama wa nyumbani aonyeshwe lebo na aulizwe atafanya nini baada ya kuisoma. Jibu lake ndilo litakalosema kama lebo imetimiza sheria au imetimiza wajibu.